Mikono Ambayo Haikuandikwa

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Boito hatujambo. Mvua imerudi, chai imechipuka, na babako amenunua ng'ombe mwingine.

Umeniuliza kama Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, ni wa Wazungu, kwa sababu mwalimu wako wa uuguzi amesema sisi Waafrika hautupati sana.

Miaka ya hamsini nilichuma chai kwenye shamba la Mzungu pamoja na shangazi yangu, Tapsabei. Mikono yake ikaanza kutetemeka hata akiwa amekaa tu. Aliposhindwa kuchuma, nyapara alimrudisha nyumbani. Huko tulimpa maziwa nusu kibuyu ili asimwage, na wageni wakija tulimficha jikoni.

Mwaka uliofuata daktari alikuja shambani kuhesabu wenye ugonjwa huo. Alitupanga mstari, akasema tunyooshe mikono. Yote ilitulia.

"Hakuna hata mmoja," alimwambia karani, na karani akaandika. Mimi nilijua yuko mmoja, lakini nilinyamaza kwa aibu.

Labda ni kweli sisi tunaugua kidogo. Sijui. Lakini wewe, kabla hujakubali hesabu yao, uliza ni nani alikuwa amesharudishwa nyumbani.

Usishangae mwandiko huu. Barua imenichukua siku tatu, na nimekataa babako anishikie kalamu. Jumatatu naenda hospitali Kericho, na sitaficha mikono ndani ya leso. Dawa wakiwa nayo, nitameza. Lakini sitoki hapo kabla karani hajaniandika.

Ni mimi Kogo, nyanya yako