Mikono Yangu Inasema Maneno ya Mshtakiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaitwa mwendawazimu. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama mahakamani, na mwezi huu nilimtafsiria fundi seremala kiziwi aliyeshtakiwa kwa kuua, alichoma kibanda kibovu nyuma ya karakana kama tajiri wake alivyomwagiza, kumbe mlinzi alikuwa amelala humo, basi mwendesha mashtaka akauliza, "Ni wewe uliyewasha moto?" fundi akajibu ndiyo, nami nikasema ndiyo, jaji akaweka kalamu chini, "Inatosha, ameshajibu," na kwetu kalamu ikilala mkalimani hunyamaza, lakini mikono ya fundi ikaendelea, "Sikujua yumo ndani, sikujua yumo ndani," huku akinitazama mdomo, nami nikaufunga. Ametiwa hatiani, adhabu itasomwa Jumatatu. Tangu siku ile mikono yangu hainisikii, nikiosha vyombo inatoka majini yenyewe na kusema maneno yale yale, nikimsuka binti yangu inaachia nywele, mume wangu anacheka eti nafukuza nzi, ila jana binti, ambaye nimemfundisha alama mbili tatu, alinitazama, akarudi nyuma mpaka ukutani, akauliza, "Mama, nani yumo ndani?" Wifi yangu anasema nimerogwa. Naogopa, mshauri. Nifanye nini?

Mkalimani

Dada Mkalimani, pole. Barua yako imenisisimua mwili, hata nimeweka mikono yangu mezani niione. Lakini acha kumsingizia mchawi! Hakuna aliyekuroga. Hatia ya kuua haitoki kwenye kiberiti peke yake. Sheria huuliza pia mtu alijua nini na alikusudia nini. Fundi alijibu yote mawili, wewe ukafikisha moja. Kalamu ililala, sawa, na kiapo chako cha kufikisha kila neno nacho kililala?

Kesho asubuhi, kabla hujaosha hata kikombe, nenda kwa wakili wa fundi umweleze alichosema mteja wake, kisha mwombeni jaji akusikilize kabla ya Jumatatu. Utagombezwa, pengine kazi itaota mbawa. Maji ukiyavulia nguo, yaoge.

Na binti akiuliza tena nani yumo ndani, usimdanganye. Mwambie yumo mtu gerezani, yu hai, na anakusubiri wewe ufungue mdomo.