Ubuyu wa Moto Kwenye Friza

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya adhuhuri

Wifi yangu mpenzi Munira,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Tanga, pamoja na shangazi Tunu. Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku hatujambo. Kakako Badru kitambi kinaongezeka na udadisi pia. Bado anasoma kila karatasi inayoingia humu ndani, hata ya kufungia karanga. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu.

Tumepata friza nyingine, ya mtumba, nami nimeirudia biashara yetu ya barafu za ubuyu. Anjelina wa nyumba ya pili anasema zangu hazina mkono wako. Nilinuna siku nzima, lakini ni kweli.

Sasa sikiliza. Unakumbuka ulivyokuwa ukiuingiza ubuyu kwenye friza ukiwa bado unafuka mvuke, ukidai wa moto unawahi kuganda? Tulikucheka mpaka tukashika mbavu. Badru akasema hata mtoto mchanga anajua kwamba cha baridi ndicho kilicho karibu na barafu. Basi Jumapili nikaamua kukukomesha, ingawa hupo. Nikachukua sufuria mbili zilizo sawa, moja nikatia ubuyu uliopoa, nyingine wa moto, kipimo kilekile, nikaziingiza pamoja. Wifi, wa moto uliganda wakati mwenzake bado anatikisika! Jumatatu nikarudia, ukashinda tena. Jana ukashindwa, kwa hiyo usijivune sana.

Nilimuuliza mwalimu Gaudens, mpangaji wetu anayefundisha fizikia. Alinieleza kwamba wa moto hupoteza mvuke, ukapungua kidogo. Tena sufuria ya moto huyeyusha ile barafu iliyojishika sakafuni mwa friza, ikakaa barabara juu ya chuma baridi. Akakiri kuwa wataalamu wenyewe wanabishana mpaka leo, na wengine hawakubali kabisa. Nikamwambia wangekuja kwanza kwa wifi yangu.

Lakini alipoitaja ile barafu ya sakafuni, nilijiinamia nisimtazame usoni.

Munira, friza ile ya kwanza hukuiua wewe. Ulipokwenda sokoni siku ile, mimi nilibaki nabandua barafu kwa kisu. Ulikuwa umeshanikataza, ukaniambia nizime nisubiri iyeyuke yenyewe, nikakuona mwoga. Kisu kikazama, nikasikia fyuuu. Nikakifuta, nikafunga mfuniko, nikanyamaza. Uliporudi ukapika ubuyu ukauingiza kama kawaida yako. Jioni Badru akakuta friza haina ubaridi na sufuria yako imo ndani, akakusema mbele ya wapangaji kwamba ubuyu wako wa moto ndio ulioiua. Fundi alisema gesi imevuja, ila hakuna aliyemuuliza imevujia wapi. Mimi nilikuwa palepale nikimenya vitunguu. Ningesema neno moja tu usingefunga sanduku ukahamia Tanga. Sikusema, kwa kuona haya tu, nisionekane mjinga. Idi mbili zimepita ndugu wa tumbo moja hawapeani mkono kwa sababu ya kisu changu. Nisamehe, wifi yangu. Nakupenda, na nyumba hii imepooza bila kelele zako.

Badru bado hajui. Mara tatu nimeanza kumwambia, ulimi ukanishinda. Kesho asubuhi anapita kituo cha mabasi, nami nitampa barua hii amkabidhi kondakta wa basi la Tanga. Bahasha sijaifunga. Unamjua kakako.

Kama aliyekuletea ni yeye mwenyewe, mkaribishe ndani kwanza, mengine mtasemezana.

Anjelina anakusalimu, na mwalimu pia. Vijiti vyako vya barafu nimekuwekea.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Farida