Matufaha Yaliyorudishwa Mpakani

Briceni, Oktoba

Mume wangu Ilarion,

Habari za Italia? Sisi wazima. Mama yako magoti yanamsumbua, ila ulimi bado una afya.

Matufaha yalizaa mpaka matawi yakainama. Jirani yetu Gavril akapakia lori, akaenda nayo, akarudi nayo. Wakubwa wetu na wakubwa wa Urusi wamegombana, basi maofisa wa mpakani wakamwambia matunda yana wadudu. Akachukua tufaha moja, akalitafuna lote mbele yao. "Haya, mdudu yuko wapi?" Wakacheka, wakamrudisha.

Sasa tunapika jemu kutwa. Mama ananiambia, "Mkwe wangu, tutaila hii mpaka tuote mabawa kama nyuki!" Nilicheka naye, kisha nikatoka nje kulia. Uliahidi kwamba tukiuza mwaka huu, hutakwenda tena ugenini.

Jana Gavril alikuja na msumeno wa injini. Wengi hapa wanakata miti wapande ngano, nami nilikubali. Mama akaukumbatia ule mti ulioupanda tulipooana. "Huu mtanikata nao!" Tukamwachia. Mingine yote imelala chini, na kutoka jikoni naona barabara hadi kwenye kona ulikopandia basi. Zamani miti ilinizibia. Sasa kila basi likisimama, naacha sufuria nachungulia.

Ulisema utarudi shamba likilipa. Ilarion, halitalipa. Njoo hivyo hivyo.

Nakungoja,
Profira wako