Wanga wa Kijani

Jumatatu, 5 Agosti 1991
Nimepiga wanga vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa. Unga wa muhogo, maji moto, koroga. Mikono inauma. Mke wa mwanangu yuko soko la Kibuye anauza mitumba. Ameniachia watoto, wanaoniita Dani, yaani bibi: Akinyi wa miaka mitano, Ouma wa mitatu.

Akinyi bado amekunja mkono wa kulia. Uliungua na uji mwezi wa nne. Ngozi imepona, vidole vimebaki vimejikunja kama vya kuku. Nesi alisema tuvinyooshe kila siku, la sivyo vitakaa hivyo. Nikivigusa anapiga nduru. Leo ameniuma. Nimemchukia kidogo, halafu nikampa ndizi.

Jumanne, 6 Agosti
Wanga uliobaki umeganda. Ouma ameingiza mikono, akavuta, ukarefuka kama kamasi. Amecheka mpaka akaanguka. Akinyi akatazama. Kisha akagusa. Kwa kushoto, lakini akagusa.

Nimepata akili. Hiki kitu ndicho kitamnyoosha. Si mimi.

Jumatano, 7 Agosti
Nimepika mwingine. Nikaongeza maji ya mrenda wa jana, ile mboga yenye utelezi, ili uvutike zaidi. Ukawa kijani, unateleza vizuri. Nikamkamata Akinyi, nikauzamisha mkono wa kulia wote.

Maji yalikuwa na magadi. Mrenda napika na magadi siku zote, na leo nimesahau. Kovu limewaka moto. Amelia mpaka majirani wakaja.

Mama yake alirudi jioni. Aliuangalia mkono tu. Afadhali angenitukana.

Mzee mjinga mimi.

Ijumaa, 9 Agosti
Akinyi ameficha mkono kwapani. Analala nao hapo. Nikiingia, anatoka.

Januari anaanza shule. Mimi nilishika kalamu nikiwa na mvi, kule kwa ngumbaru, na wazee wenzangu. Huyu sitaki angoje hivyo.

Nimechuma mrenda mpya.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimechemsha mrenda bila magadi. Nikapaka kwanza mdomoni kwangu. Hauwashi. Nikauchanganya na wanga.

Sikumwita Akinyi. Nimekaa chini na Ouma, miguu nimenyoosha, kila mtu na mkebe wake wa mafuta ya kupikia umejaa ule ute. Ukisukuma ngumi ndani, mkebe unajamba. Wa Ouma ukajamba. Wangu ukamjibu.

Mama yao akaingia.

"Mama! Hata wewe?"

"Nyamaza. Tunashindana."

"Na huo unga wote?"

"Nilitwanga mimi."

Halafu sauti ya mlangoni: "Dani, wako unajamba kama wa mgonjwa."

Akinyi. Akaja, akaninyang'anya mkebe. Akaushika kwa kushoto, kwa hivyo ngumi ikabaki ni ya kulia. Akasukuma. Huo wake ulisikika barabarani. Ute ukakwama katikati ya vidole. Akavifungua mwenyewe autoe. Kidogo tu.

Nikaangalia ukuta. Mama yao pia akaangalia ukuta.

Jumatano, 14 Agosti
Napika mpya kila asubuhi. Wa jana unanuka. Sisimizi wamenijazia nyumba. Mgongo umekataa kuinama. Akinyi bado hataki nimguse, ila mkebe anauomba kabla ya chai.

Mama yao amerudi na unga wa muhogo kutoka sokoni. Ameuweka karibu na jiko.

Jumapili, 29 Septemba
Nilivaa kitambaa cheupe kwenda kanisani. Nilipoinama kufunga kiatu, Akinyi alinishika kichwa kwa nyuma, nikadhani anacheza tu. Kanisani akina mama walikuwa wanacheka nyuma yangu. Sikuuliza.

Nimekivua nyumbani. Nyuma kuna alama ya mkono wa kijani. Mkono wa kulia, vidole vyote. Cha mwisho kimepinda bado. Vingine vimenyooka.

Watoto wako nje na mkebe. Nasikia.

Vitambaa vingine nimefua. Hiki nimekitundika ukutani.