Kwa Baba Yetu Hezekia, Aliyeuliza "Imeandikwa Wapi?"

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tulipokulaza pale juu ya shamba la kabichi, na ukungu ukashuka kabla hatujamaliza wimbo wa mwisho. Mama bado anaiweka Biblia yako mezani kila jioni. Wala hatuthubutu kuweka kitu juu yake. Hukukubali hata miwani yako ilale pale.

Tunaikumbuka mikono yako. Ulikuwa mwinjilisti na mkulima wa karoti, ukitoka shambani na udongo chini ya kucha. Ulinawa taratibu, ukajifuta, ndipo ukaifungua Biblia. Ulitusalimia kwa Kishambaa na kutukaripia kwa Kishambaa, lakini Neno ulilisoma kwa Kiswahili, polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe.

Uliwapeleka wajukuu juu ya jabali la Irente, wakaona nyika imelala chini kabisa na malori madogo kama siafu. Ukawaambia, "Aliyeiinua milima hii angeweza kukaa kimya. Nani angemuuliza? Lakini amesema nasi, tena kwa maneno anayoweza kuyasoma mtoto wa darasa la pili."

Jirani yetu Valentino aliwahi kurudi kutoka gulio la Soni na chupa ya mafuta ya upako.

"Shikamoo, Mwinjilisti. Nabii kasema ukipaka haya mlangoni, Mungu atasema na nyumba yako."

"Marahaba. Imeandikwa wapi?"

"Ah, Mwinjilisti nawe! Hili ni neno jipya."

"La zamani umeshalimaliza?"

Mlicheka mpaka Mama akatoka jikoni. Ulinusa chupa, ukasema yanafaa kukaangia maharage, ukamkaribisha chai. Alipoondoka ulituambia, "Mungu hakusahau kitu, hata aje kukiongezea kwenye chupa. Yanayotutosha kuokoka na kuishi, ameshayasema."

Lakini siku tunayoikumbuka kuliko zote ni ile uliyogawa shamba. Efrazia, binti yako wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni, ndoa imemshinda. Ulisimama bondeni ukaonyesha kwa fimbo: huku kwa Timotheo, kule kwa Kristian, na miche ya masale ipandwe mpakani iwe alama.

"Na mimi, Baba?" Efrazia aliuliza.

"Binti ana shamba kwa mumewe. Ndivyo tulivyokuta."

Hakuwa na mume, wala shamba, wala pa kwenda. Alimweka mtoto vizuri mgongoni. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Imeandikwa wapi, Baba?"

Hakuna aliyewahi kukugeuzia swali lako. Timotheo alitaka kumkemea, ukainua mkono. Tukarudi nyumbani wote. Ulinawa, ukamwekea Biblia mbele yake. "Soma."

Alisoma habari za binti za Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa wakaomba urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamenena haki.

"Hao hawakuwa na kaka," Timotheo alisema. "Soma yote, dada. Sisi tupo."

Ilikuwa kweli. Efrazia alifumba macho. Ulikuwa umeshinda, Baba. Wazee wa ukoo wangekuunga mkono. Ungeinuka tu, ukanywe chai.

Hukuinuka. Uliivuta Biblia kwako, ukafungua kurasa za mbele, vidole vikijua njia, mpaka mwisho wa kitabu cha Ayubu. Ukasoma mwenyewe, kwa ile sauti ya kukanyaga mawe, kwamba Ayubu aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Sisi hatukuijua aya ile. Ungeiacha pale ilipokuwa, tusingeijua mpaka leo.

"Lakini Baba," Timotheo alisema kwa upole, "hiyo si amri. Ni Ayubu tu alivyofanya."

"Si amri, mwanangu. Lakini mimi nilisema haifanyiki, na hapa mtu mwenye haki amefanya. Miaka yote nawakataza kuweka kitu juu ya Biblia, kumbe mimi nimeweka mila yangu. Naiondoa."

Tulikwisha kuona watu wengi wakilitafuta Neno la kuwashinda wenzao. Hatukuwa tumemwona mtu akilitafuta linalomshinda yeye mwenyewe, akalipata, akainama.

Asubuhi yake ulikuwa bondeni ukichimba vishimo vya masale ya Efrazia. Timotheo alikufuata na jembe bila kuitwa.

Masale yale sasa yametupita urefu. Tukipita hapo, tunapunguza sauti.

Tunaokukumbuka ni mkeo Eliza. Wanao Timotheo, Kristian na Efrazia. Wakwe na wajukuu zako wote. Na Elinuru, aliyekuwa mgongoni siku ile, akasomeshwa kwa karoti za shamba lile mpaka akahitimu chuo, na leo ameandika maneno haya kwa niaba yetu.

Daima tutakukumbuka, Baba, kila tutakapotaka kusema "ndivyo tulivyokuta," tukanawa mikono kwanza, tukafungua.