Wembe wa Nyumba

Dada yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Hujambo, na hapo Mlandege wote hawajambo? Mama bado anahangaika na ngazi? Mimi huku Leicester natembea, naenda kazini, na baridi nimeshaizoea. Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia mara mbili, na barua haikatiki. Anakuletea jirani yangu anayerudi Unguja. Isome peke yako, maana Mama sijamwambia.

Naumwa, Dada. Walikuja watu msikitini kukusanya damu, nami nikakunja mkono wa shati kwa maringo. Baada ya muda nikaletewa barua: damu yangu haifai, nina homa ya ini aina ya C. Daktari akasema haikuanza jana. Inaweza kunyamaza ndani ya mtu miaka mingi huku inamla. Ini langu lina makovu. Nimeanzishwa vidonge, kimoja kila siku kwa wiki kumi na mbili, na hii ni ya saba. Kichwa kinaniuma, usingizi siupati, lakini kipimo cha juzi hakikukiona tena kirusi. Kuhusu makovu hakuna anayeniahidi kitu.

Daktari huyo ni mwanamke mpole, lakini kwa maswali ni kama mtu wa forodha. Sindano za ovyo? La. Kuongezwa damu? La. Kuchangia wembe na watu wengine? Hapo nikaitikia kwa kichwa. Niliuona mkeka wetu wa ukumbini.

Unajua Baba alivyokuwa muumishi mwangalifu. Akija mtu wa nje, alimchanja kwa wembe mpya, ndipo akambandika pembe ya kumtoa damu chafu. Sisi wanawe alitutolea ule wa kwenye kopo la maziwa. "Huu wembe wa nyumba," akisema. "Damu moja haidhuriani." Na sisi tukijivuna! Alianza kujichanja mwenyewe, kisha pale mkekani tukafuata kwa umri, na Mama akamalizia. Wageni aliwakinga, sisi alitupenda.

Unakumbuka alivyokufa, macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Tukasema kapigwa jicho, na jicho tukambandika Bi Time wa ng'ambo ya uchochoro, hata salamu tukamnyima. Sasa naona Baba aliugua maradhi haya haya niliyonayo, akatugawia kwa mkono wake bila kujua. Naona haya mbele ya Mungu kwa yule mama.

Ndiyo maana nilipiga kelele uliponiambia utamuumika binti yako Salha kwa wembe ule akimaliza mitihani. Ukanijibu, "We Haji, Uzungu ushakuingia! Mie nshachanjwa mara ngapi, mbona sijafa?" Hujafa, kweli. Lakini kabla hujakata simu ulisema neno jingine: "Nnachoka tu siku hizi, na mwili unaniwasha." Mimi nilianza hivyo hivyo. Naogopa, Dada, sikufichi.

Nakusihi Salha asiguswe. Kopo usilitupe jaani, watoto wanachokora. Lifunge vizuri ulipeleke hospitali waliteketeze. Na ukifika huko usirudi hivi hivi, upimwe, na Mama apimwe. Mwambie lolote, mwambie ni sukari. Dawa ipo, lakini haimfuati mtu nyumbani kwake. Baba haikumkuta.

Mama mpe shikamoo yangu. Salha mwambie mjomba wake anamwombea mitihani. Kwa Bi Time usitume mtu: vuka uchochoro mwenyewe, ukamwombe radhi kwa niaba yetu sote. Usingoje mpaka nije.

Kila nikimeza kidonge naukumbuka ule mkeka. Baba wa kwanza, mimi wa tatu. Nimehesabu na kuhesabu tena, nikiomba niwe nimekosea.

Ni mimi nduguyo, niliyekaa nyuma yako,

Haji