Ukweli Kuhusu Filamu ya Teo

Barabara ya Ziwani,
Skarvik, Minnesota.
9 Machi, 2017

Mpendwa dada Marit,

Nakusalimu kutoka kwenye theluji. Natumaini barua hii inakukuta umelala walau kidogo na umekula walau kidogo. Zaidi ya hapo sithubutu kutumaini, maana kumuuliza "hujambo?" mama aliyemzika mwanawe mwezi Oktoba ni kama kumuuliza aliyeangukiwa na mti kama huko kwao kuna upepo. Hata hivyo nauliza, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuanza. Hujambo, dada? Na shemeji Ramón, magoti yake yanamruhusu kuishughulikia ile miti yake ya ndimu, au anaitazama tu dirishani?

Sisi hatujambo kwa kipimo cha huku, yaani gari linawaka na mabomba hayajapasuka. LaVonne mke wangu ana kikohozi ambacho hataki kukiita kikohozi. Mimi bado natengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, ingawa sasa nikiinama nyuma ya mtambo wa mtu, kuinuka ni suala la majadiliano. Daktari aliniambia niache siagi. Nimeacha kwenda kwa daktari.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimpa LaVonne aisome, nikamwomba aijibu yeye, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Akaitazama bahasha, akanitazama na mimi.

"Hapa pameandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Haya basi, baba. Kalamu iko kwenye kikombe."

Ndiyo nimekaa mezani.

Unaniuliza mambo mawili. La kwanza ni kama umruhusu Ardis Kjelstad aionyeshe tena filamu ya Teo katika jumba lake la sinema mwezi Mei, siku ambayo Teo angetimiza miaka ishirini na sita. La pili linanitoa jasho humu ndani, na huko nje barafu haijaanza hata kufikiria kuyeyuka. Unataka nikuambie filamu yenyewe ilikuwaje. Hukuiona. Januari ya mwaka jana ilipoonyeshwa, tufani ilikukwamisha kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, na tangu Oktoba ile diski yake umeifungia kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

Umeandika kwamba usiku ule Teo alikupigia simu akicheka kwa furaha, akakuambia, "Mama, watu wote wamesema ni tofauti." Na kwamba wewe ulikaa kimya kwenye simu, naye akadhani mtandao umekatika.

Naelewa kwa nini ulikaa kimya. Wewe na mimi ni watoto wa mtu na kaka yake, tumelelewa kwenye jiko moja. Tunajua kwamba mtu wa Skarvik akisema chakula ni tofauti, hata mbwa wake hakigusi. Bibi alisema nguo ya harusi ya shangazi ni tofauti, na shangazi akaenda kubadili. Lakini Teo alikulia Tucson, kwenye jua, kati ya watu wanaosema wanachomaanisha. Nani angemfundisha?

Basi nitakuambia, dada, na unisamehe kwa kuwa mkono wangu si mwepesi.

Filamu ilikuwa mbaya. Na sisemi mbaya kama ile ya mwaka juzi ya mbwa aliyekuwa hakimu, au ile ya marehemu aliyemrudia mkewe mjane akiwa farasi. Hizo zilikuwa mbaya kwa fedha nyingi, zikiwa na muziki. Ya Teo ndiyo filamu mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha sinema, na unajua kwamba katika kiti hicho nimekaa karibu kila Ijumaa tangu nilipoacha kunyonya kidole.

Upepo wa ziwani uliingia kwenye maikrofoni ukameza maneno yote. Kulikuwa na picha ya kibanda cha kuvulia samaki, kimesimama juu ya barafu, hakuna anayeingia wala kutoka, na ikaendelea hadi LaVonne akamaliza bisi zake na kuanza zangu. Vernon Aasen aliigiza polisi. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye glavu, kwa hiyo kila alipomhoji mtu aliinua mkono kana kwamba anataka kumbariki.

Na mimi, kama Teo alivyokuambia, niliigiza baba aliyekufa. Kazi yangu ilikuwa kulala juu ya barafu nikiwa maiti. Nilidhani hiyo ni kazi hata mimi siwezi kuiharibu. Lakini siku ile baridi ilikuwa ya kupasua mawe, na ndugu yako ana mapafu makubwa. Katika skrini nzima ya Ardis ulionekana mlima wa tumbo ukipanda na kushuka, na juu yake mvuke ukitoka puani mwa marehemu kama birika. Katika filamu mbaya kuliko zote, kibaya kuliko vyote ni mimi.

Hakuna aliyetoka. Hilo nalo unalijua, lakini naliandika kwa sababu umeuliza kama watu waliondoka. Kwa Ardis haondoki mtu. Tangu mumewe afariki, yeye mwenyewe husimama mlangoni filamu ikiisha, akamshika kila mmoja mkono na kumwambia asante kwa kuja. Nani atapita mbele ya mwanamke huyo katikati ya onyesho akiwa amevaa koti? Tumevumilia mengi kwa ajili ya mkono ule. Na usiku ule Teo alisimama kando yake, amevaa suti aliyoazima kwangu, mabega yakimwanguka.

Watu wakapita mmoja mmoja. Ardis ndiye aliyeanza. Alimshika mikono yote miwili akasema, "Ehee, Teo. Hiyo kweli ilikuwa tofauti."

Vernon akafuata, bado na glavu. "Tofauti sana, kijana wangu. Sana."

Wakaendelea hivyo hadi wa mwisho. Kila Teo aliposikia neno hilo uso wake uling'aa zaidi, hadi mimi nikashindwa kumtazama. Tulipotoka nje alining'ang'ania mkono.

"Mjomba, umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Unajua kule chuoni waliniambia nini? Kila nilichopeleka, mwalimu alisema kimefanana na cha kila mtu. Miaka minne, mjomba. Cha kila mtu, cha kila mtu. Na hawa watu wa hapa wote wameona ni tofauti."

LaVonne alinikanyaga mguu, ingawa sikuwa nimefungua mdomo. Nikamwambia aingie garini kabla masikio hayajakatika kwa baridi.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu Oktoba, hasa nikiwa nimelala nyuma ya mitambo ya watu, ambako hakuna wa kuniona. Tulimwambia ukweli kwa lugha yetu, naye akausikia kwa lugha yake. Sijui kama huo ni uongo. Najua tu kwamba alirudi Tucson akiwa na furaha, na kwamba ile miezi tisa aliyobakiwa nayo, kabla ya ajali ile ya mvua kwenye barabara ya Flagstaff, aliishi kama mtu aliyesifiwa na mji mzima. Kama kuna deni hapo, sijui ni nani anamdai nani.

Sasa nikuambie jambo moja ambalo Teo hakulijua, na wewe hukulijua pia.

Asubuhi baada ya kila filamu, wazee tunakunywa kahawa pale mgahawani na kubishana ipi ni mbovu kuliko zote. Huo ndio mchezo wetu tangu enzi za baba zetu. Tumewahi kununiana majira mazima kwa sababu ya yule farasi. Lakini baada ya filamu ya Teo tulikunywa kahawa tukazungumza habari za bei ya mafuta. Wiki iliyofuata, mafuta tena. Hakuna aliyeitaja. Wakati ule niliona ni heshima. Baadaye nikaona kwamba ndivyo tunavyomfanyia mgeni. Filamu ya mgeni haitajwi.

Nilipotoka kwenye mazishi huko kwenu, sikwenda mgahawani kwa muda. Nilipokwenda, mwezi Desemba, walinisogezea kiti. Kisha Vernon akaweka kikombe chini.

"Jamani, tuache kudanganyana. Ya Teo ndiyo mbovu kuliko zote."

Wote walinitazama mimi, kwa kuwa ni damu yangu.

"Kuliko ya farasi?" nikauliza.

"Orrin, farasi aliyajua maneno yake bila kuyaandika kwenye glavu."

"Na maiti je?"

"Maiti ndiyo iliyoniua. Niliona mvuke nikadhani mtambo wa joto wa Ardis umepata hitilafu. Nilitaka nikuite uje uutengeneze."

Tulicheka hadi mhudumu akaja kutuangalia. Nilicheka mpaka nikaumia mbavu, na sikuwa nimecheka tangu nirudi. Kisha Vernon akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Akasema, bila kumtazama mtu, "Nataka kuiona tena."

Ndipo akaenda kwa Ardis. Kwa hiyo lile ombi ulilolipata halikutoka kwa Ardis peke yake. Lilitoka kwenye meza ile.

Umeandika, "Sitaki mwanangu achekwe." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikujaliwa mtoto, kwa hiyo nakanyaga hapa kwa vidole. Lakini uliomba ukweli. Watacheka, dada. Nikilala kwenye barafu ile watacheka, na Vernon akiinua glavu watacheka zaidi. Ile mara ya kwanza hakuna aliyecheka, waliuma midomo kwa adabu, na Teo alipita kati yao kama mgeni. Safari hii watamcheka kama wanavyonicheka mimi, na kama walivyomcheka baba yako alipozamisha trekta. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo.

Kama huwezi kukaa kati ya watu, Ardis amesema atakufungulia ukumbi mchana, uitazame peke yako, na hatasimama mlangoni. Kwa Ardis hilo ni jambo kubwa. Na kama hutaki kabisa, niandikie, nami nitawaambia, na hapa hakuna atakayekuuliza sababu.

Lakini kuna kitu ambacho nimekuwa nikikizunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Katika lile tukio langu la kufa, kuna kosa ambalo mwanafunzi yeyote angelikata. Upepo unatulia kidogo. Kamera bado iko juu ya tumbo langu. Na kutoka nyuma ya kamera inasikika sauti, wazi kabisa, kuliko sauti nyingine yoyote katika filamu nzima. Inasema, "Mjomba, usipumue. Kidogo tu. Hivyo hivyo. Vizuri, mjomba, vizuri sana." Kisha anajaribu kuzuia kicheko na kinamshinda, na picha inatikisika kwa sababu mikono yake inatikisika.

Sijui kama hakuisikia alipokuwa akiiunganisha filamu, au aliisikia akaiacha. Sikuwahi kumuuliza. Ile Januari niliona aibu kwa niaba yake, nikatazama viatu vyangu.

Ni yeye, Marit. Yumo humo kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza, na ana furaha, na bado hujamsikia.

Msalimie sana Ramón, mwambie namwonea wivu wa ndimu. Wasalimie ndugu zake wote walionilisha hadi nikashindwa kufunga mkanda siku ile ambayo wao ndio walistahili kulishwa. LaVonne anakusalimu, amekohoa ninapoandika hili na amesema ni vumbi. Vernon anakusalimu. Ardis anakusalimu, na anasema barabara ya kutoka uwanja wa ndege huwa kavu ifikapo Mei.

Mungu akushike pale ambapo sisi mikono yetu haifiki, na akupe usingizi.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye bila adabu yoyote ya Skarvik,

Orrin